Benki ya chakula Tukuyu? Anza na gunia la chainizi!

Ukitaka kuchekwa Tukuyu, wewe sema tu kwamba Rungwe inahitaji benki ya chakula. Utaonyeshwa migomba inayoanzia mlangoni mpaka ng'ambo ya bonde, utaonyeshwa viazi na maparachichi, halafu utaulizwa umekunywa nini asubuhi yote hii. Mvua huku inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Tupa mbegu ya boga jalalani, baada ya muda unachuma majani. Njaa ya wapi, bwana?

Mimi nasema ipo, ila haipigi kelele. Ingia wodini saa ya kuona wagonjwa, hospitali yoyote ile. Ndugu wanamiminika na mahotpoti na vikapu, maana mgonjwa kwetu analishwa na jamaa zake. Sasa yule bibi wa kitanda cha kona, ambaye hakuna aliyemjia? Anangoja jirani wa kitanda amsogezee vipande viwili vya ndizi. Halafu kuna yule dada wa chumba kimoja cha kupanga mjini, mtoto mgongoni, hana hata upenyo wa kupanda mchicha. Kwake fungu la mboga ni hela, na hela ikipungua, mboga ndiyo inayoachwa kwanza. Mtoto anashiba ndizi tupu, siku zinakwenda.

Na kushiba ni kitu kimoja, lishe ni kitu kingine. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mnajua nani walikuwa juu kwenye orodha? Iringa, Njombe na Rukwa, ndugu zetu wa Nyanda za Juu Kusini wanaolisha nchi mahindi! Iringa ilifika karibu 57 katika kila 100. Mboga peke yake haiondoi udumavu, nakubali, lakini ile hoja ya "huku chakula tele" haina mashiko tena.

Benki za chakula zilianzia Marekani, mjini Phoenix, mwaka 1967, pale John van Hengel alipoanza kukusanya chakula ambacho maduka yangekitupa. Tatizo ni kwamba ghalani makopo yanakaa, mchicha unanyauka. Mwaka 1995 mwandishi mmoja wa safu ya bustani huko Anchorage, Alaska, Jeff Lowenfels, akawaomba wasomaji wake kila mtu apande mstari mmoja wa ziada kwa ajili ya jiko la wasio na kitu. Alaska, jamani, kwenye barafu! Na wakapanda, na mpango ukaenea majimbo mengine.

Sisi wala hatuna haja ya kuiga Alaska. Mtaalamu Monica Wilson, katika kitabu chake cha 1951 kuhusu Wanyakyusa, alieleza jinsi vijana wa rika moja walivyojenga kijiji chao wenyewe, na jinsi wavulana walivyokula kwa kundi: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Marika hata leo yapo. Yapo kwenye kijiwe cha bodaboda, kwaya na timu ya mpira. Ila siku hizi tukikutana ni soda na simu.

Vijijini kuna Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, kila robo mwaka. Watoto wanapimwa, kina mama wanafundishana kupika mlo kamili. Safi sana! Lakini kutoka robo hadi robo ni siku 90 hivi, na mtoto anakula kila siku.

Ndiyo maana nawaambia washikaji, magunia kumi tu, nyuma ya saluni au kijiweni. Changanya udongo na samadi, katikati simamisha nguzo ya kokoto ili maji yafike chini, ubavuni toboa matundu, panda chainizi. Unachuma majani ya nje, kiini unakiacha kiendelee kutoa. Jumamosi asubuhi mnavuna, siku hiyohiyo mboga inafika. Kumbukeni lakini, mgonjwa hapikii kitandani! Kwa hiyo zungumzeni na mama lishe mmoja awapikie, naye abaki na mafungu yake kadhaa. Mwulizeni nesi wa zamu nani hana wa kumletea, msigawe kwa kujuana. Yule dada wa kupanga yeye mpeni mbichi, bila kupiga picha, tafadhali.

Mtaambiwa "ndaga fijo" mpaka mwone haya.

Samadi waombeni wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Magunia? Waulizeni wale wanaofungasha viazi pale Kiwira.