Shamba Limelala, Soko Limejaa

Ndugu msomaji, nikikuuliza ni wakati gani mkulima hana kitu cha kupeleka sokoni, pengine utanijibu kwamba ni wakati shamba lake likiwa tupu. Mimi pia ningalijibu hivyo kabla ya safari yangu ya mwezi wa Desemba mwaka jana. Mdogo wangu ni muuguzi katika mji wa Nuremberg, kusini ya Ujerumani, naye alinialika nikae kwake majuma mawili. Nilipokuwa katika gari moshi niliangalia mashamba ya pande zote mbili. Yalikuwa tupu, na ardhi ilikuwa ngumu kama matofali kwa sababu ya baridi. Lakini jioni ile ile nilipelekwa kuona soko ambalo watu walikuwa wakisukumana ndani yake kama siku ya mnada.

Nataka tutembee pamoja katika soko hilo, kwa maana liko jambo ambalo sisi wakulima wa skimu twaweza kujifunza huko.

BARIDI NA GIZA

Kwanza yafaa ujue hali ya hewa ya huko. Mwezi wa Desemba jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi, nalo hutua baada ya saa kumi jioni kidogo tu. Baridi yake ni ile ya kugeuza maji kuwa barafu usiku. Nilivaa soksi mbili mbili na koti zito la kuazima, na bado vidole viliniuma. Nilipotaka kusimama ili nitazame vizuri, mdogo wangu alinivuta mkono akasema, “Kaka, ukisimama utaganda. Tembea huku unatazama.”

Soko lenyewe liko wazi, halina paa, katikati ya mji wa zamani mbele ya kanisa la kale, katika uwanja uitwao Hauptmarkt. Jina la soko ni Christkindlesmarkt, maana yake Soko la Mtoto Kristo. Hufunguliwa siku ya Ijumaa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, na hufungwa tarehe 24 Desemba. Siku ya kufungua, msichana aliyechaguliwa na mji, mwenye taji la dhahabu kichwani, husimama katika roshani ya kanisa na kuwakaribisha watu wote.

Vibanda ni kama 180, vyote vya mbao, na juu vimefunikwa kwa kitambaa chenye mistari myekundu na myeupe. Wenyeji huuita mji mdogo wa mbao na nguo. Si soko la jana. Katika jumba la makumbusho la mji huo kuna kisanduku cha mbao chenye maandishi ya mwaka 1628 yanayolitaja. Wakati wa Vita Kuu ya Pili soko lilikoma. Tarehe 2 Januari 1945 mabomu yaliangushwa na mji wa zamani ukabomolewa karibu wote. Hata hivyo, mwaka 1948, majumba mengi yakiwa bado magofu, watu walisimamisha vibanda vyao tena.

VITU VINAVYOUZWA

Sasa tazama vibandani. Hutaona nyanya wala kabeji. Utaona matunda yaliyokaushwa, asali, lozi zilizokaangwa kwa sukari, nyama iliyosagwa na kutiwa katika soseji, mishumaa, na vitu vya kuchezea vya mbao. Utasikia harufu ya mvinyo mwekundu uliotiwa moto pamoja na mdalasini na karafuu. Mvinyo huo hutolewa katika kikombe cha udongo chenye picha, nawe huweka amana ya kikombe. Ukikirudisha wapewa fedha yako; ukikipenda waenda nacho nyumbani. Watoto hupewa kinywaji cha namna hiyo kisichokuwa na kileo, na mimi nilikunywa hicho hicho cha watoto ili mikono ipate moto.

Kitu kinachojulikana kuliko vyote ni mkate mdogo wa viungo uitwao Lebkuchen. Hupikwa kwa asali au sukari, kokwa zilizosagwa, maganda ya machungwa na malimau yaliyopikwa katika sukari, na viungo kama vile mdalasini, iliki na karafuu. Ukihifadhiwa vizuri hukaa majuma mengi bila kuharibika. Kwa hiyo hauuzwi hapo tu, bali hutumwa kwa posta mpaka nchi za mbali.

Mkate huo ulianzaje katika mji ule? Msitu ulikuwa karibu, na katika msitu walikuwako wafuga nyuki hodari. Mwaka 1350 mfalme Karl wa Nne aliwapa wafuga nyuki hao haki zao kwa hati. Tena njia za wafanyaji biashara zilipita hapo zikileta viungo kutoka nchi za joto. Waokaji wakachukua asali ya nyumbani na viungo vya ugenini wakafanya kitu kimoja. Mwaka 1643 wakakubaliwa kuwa na chama chao wenyewe.

Nilipotafuna karafuu nilikumbuka pwani yetu. Mkarafuu hauoti Ujerumani. Huota Pemba, Unguja na visiwa vingine vya joto. Mkulima wa karafuu huuza kwa gunia, lakini mwokaji huuza kwa chembe, na faida kubwa ni ya mwenye kuuza chembe. Nadhani mkulima wa chai na kahawa anaelewa neno hili bila kuelezwa zaidi.

JINA LAFUNGIWA UZIO

Labda utasema, “Basi na mtu wa mji mwingine aoke mkate kama huo, auite jina lilo hilo.” Hawezi. Tangu mwaka 1996 sheria ya Ulaya imelinda jina la mkate wa Nuremberg: ni lazima uokwe ndani ya mji huo. Tena ule wa daraja ya juu, uitwao Elisen, sharti uwe na lozi, jozi au kokwa za jamii hiyo zisizopungua sehemu 25 katika 100, na unga wa nafaka usizidi sehemu 10. Mwenye kuongeza unga ili apate faida ya haraka hana ruhusa ya kuliandika jina hilo.

Na soseji ni vivyo hivyo. Jina lake limelindwa tangu mwaka 2003. Soseji ya Nuremberg ni ndogo kama kidole: urefu wake ni sentimita 7 mpaka 9, na uzito wake gramu 20 mpaka 25. Huchomwa kwa moto wa kuni, na tatu hutiwa ndani ya mkate mmoja. Nilikula, nikaona kwamba sikuhitaji kuuliza zimetengenezwa na nani, kwa sababu sheria imekwisha kuuliza kwa niaba yangu.

Hata soko lenyewe lina masharti. Wenye mji wamekataza mapambo ya plastiki na nyimbo za kanda katika uwanja ule. Mwenye kibanda kizuri kuliko wengine hupewa zawadi, na mwenye kuvunja masharti hujua kwamba wako wengi wanaotaka nafasi yake.

Sisi nasi twalijua jambo hili, ingawa twajifanya tumelisahau. Mtu mmoja akitia maji katika maziwa yake, mtungi wote wa chama hurudishwa, na jirani aliyekamua kwa mikono safi hula hasara pamoja naye. Jina la chama ni kama uzio wa shamba: nguzo moja ikioza, ng’ombe huingia kwa wote.

MTU WA PLAMU

Sasa twende katika kibanda kilichonifanya niandike habari hii. Kilijaa watu wadogo, kila mmoja urefu wa shibiri moja. Miguu na mikono yao ni plamu zilizokaushwa na kutungwa katika waya, na kichwa ni jozi iliyochorwa macho na mdomo. Mmoja ni seremala, mwingine ni mwokaji, mwingine bibi harusi mwenye shela. Huitwa Zwetschgenmännle, yaani watu wadogo wa plamu. Wenyeji husema kwamba nyumba yenye mtu wa plamu haikosi fedha wala bahati.

Nilicheka. Mdogo wangu hakucheka. Alimshika mmoja mkononi, akamgeuza, akasema, “Kaka, hizi ni plamu za miezi mingi nyuma. Zingeuzwa siku ya kuchumwa zingekuwa bei ya kutupa. Unakumbuka mahindi yetu?”

Nilikumbuka. Babu yetu alipata shamba la skimu katika miaka ya 1960, na baba akalirithi. Mwaka ambao mdogo wangu alipita mtihani wa darasa la nane tulivuna magunia arobaini, mavuno mema kabisa. Mahindi yalikuwa bado hayajakauka vizuri wakati mnunuzi mmoja alipofika na lori lake, na mizani yake, na bei yake. Majirani wote walikuwa wakiuza, na kwa hiyo bei ilikuwa chini. Baba aliuza magunia thelathini na tano siku ile ile. Fedha ikaingia katika madeni na sikukuu. Shule zilipofunguliwa karo haikuwako. Mdogo wangu alikaa nyumbani muhula mzima akichunga ng’ombe, na sare yake mpya ikiwa imekunjwa sandukuni. Mwezi wa Juni tulikwenda dukani kununua mahindi kwa bei iliyozidi sana ile tuliyouzia, na mimi nadhani mengine yalikuwa yetu wenyewe.

Simlaumu baba. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mlevi. Alijua sana kulima; hakuna aliyemfundisha kungoja.

TUFANYE NINI?

Najua, msomaji, hutatengeneza watu wa plamu. Lakini waweza kufanya lile lililofanywa kabla plamu haijawa mtu, yaani kukausha na kuweka.

Kwanza, anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu. Ukitaka kujua kama yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa vizuri, kisha ngoja dakika 15. Chumvi ikishika kandoni mwa chupa, mahindi bado ni mabichi. Isiposhika, usifunge bado. Endelea kuanika, kisha yapime kwa mashine mpaka unyevu usizidi sehemu 13.5 katika 100. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu una sumu ambayo haitoki kwa kupika. Kama mvua haikomi, Bodi ya Nafaka na Mazao hukausha mahindi ya wakulima kwa malipo.

Pili, yatie katika mifuko isiyopitisha hewa. Fukusi na dumuzi wakikosa hewa hufa bila dawa. Funga kila mfuko barabara, na uuweke juu ya mbao, mbali na ukuta na panya.

Tatu, usiuze yote siku moja. Hesabu kwanza chakula cha nyumbani mpaka mavuno mengine, kisha karo, kisha deni lisiloweza kungoja. Uza sehemu ya kulipa deni hilo tu. Nchi yetu ina sheria ya stakabadhi za ghala tangu mwaka 2019: mkulima aweza kuweka nafaka katika ghala lililoidhinishwa akapewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo yaweza kuwa dhamana ya mkopo. Chama chenu cha ushirika kiulize ghala la karibu liko wapi.

Nne, usitegemee soko moja. Mwaka 2020 soko la Nuremberg halikufunguliwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Mwaka 2021 vibanda vilikuwa tayari, na likafutwa siku chache tu kabla ya kufunguliwa. Mkate wa viungo ungeweza bado kutumwa kwa posta, lakini mvinyo wa moto hauna posta. Kitu kinachokaa humpa mwenyewe nafasi ya kutafuta mlango mwingine.

Nilirudi na mtu mmoja wa plamu, zawadi ya mdogo wangu kwa mama. Mama alimvaa miwani, akamtazama sana, akauliza, “Huyu analiwa?”

Nikamwambia, “Haliwi, Mama. Alikaushwa, akangoja, akauzwa kwa bei njema.”

Mama alinyamaza kidogo, kisha akamweka juu ya kabati, karibu na picha ya baba. Msimu huu lori lilipofika uani kwetu, mama alimpa dereva chai, akamwambia arudi mwezi wa Mei.

Na wewe, ndugu mkulima, lori likifika kwako, hesabu magunia yako kwanza kabla hujaiuliza bei.