Tubadili Injini au Tuliuze Gari?

Ilikuwa Ijumaa baada ya Alasiri, tukitoka Mishomoroni kwenda Mji wa Kale, na nyuma ya gari mna sufuria mbili za biriani na beseni la kachumbari ya arusi. Tulipofika Kongowea mshale wa joto ulikuwa umepanda hadi kwenye alama nyekundu. Kabla hatujalifikia daraja la Nyali, mvuke ukafoka chini ya boneti na gari likazimika. Biriani ilifika kwa tuktuk, alhamdulillahi, na bibi arusi hakujua kitu. Gari lilirudi nyumbani likivutwa kwa kamba.

Ni Toyota Corolla 110 ya mwaka wa 1998, yenye injini ya 5A ya sentimita za ujazo 1,498. Kwa jicho la mpita njia ni gari kuukuu. Kwetu ndilo duka. Tangu baba yetu alipofariki, chakula cha arusi na hitima anachopika mama ndicho kinacholipa karo, na sufuria za biriani hazendi kwa miguu.

Fundi alifungua kifuniko cha oili akatuonyesha: oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, ishara kwamba maji yamechanganyika nayo. Gasketi imeungua, na silinda hedi, ambayo ni ya aluminiamu, imepinda kwa joto. Alipoinua hedi tukaona silinda mbili zimechanika mistari.

“Mama, hii imekwisha,” akasema. “Tuitoe, tutie nyingine.”

Usiku ule tukashauriana. Ami yetu alisema tuuze. Ndugu yetu mdogo, ambaye kila gari limpitalo hulitaja kwa nambari ya injini, alitaka tutie 1NZ, ile ya Probox na Vitz. Mama alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo hakuna mwanamume aliyelifikiria: “Na kwani iliungua kwa nini?”

Jawabu lilikuwa ndani ya rejeta. Ilipofunguliwa ilitoa tope la kutu na magamba meupe ya chumvi. Kwa miaka miwili tulikuwa tukiijaza maji ya kisima. Mkaazi wa Mishomoroni hahitaji kuelezwa ladha ya visima vyetu. Mifereji ikikauka, maji matamu hununuliwa kwa madumu, na mtu huona ni israfu kuyamimina kwenye gari. Chumvi hula aluminiamu na huziba mishipa ya rejeta kidogo kidogo, bila kelele. Isitoshe, fundi wa awali alikuwa ameitoa themostati akidai kwamba joto la Pwani haliihitaji. Injini huihitaji hata huku kwetu, kwani ndiyo inayolinda joto lake lisipande wala lisishuke mno. Tungetia injini nyingine na kuendelea na dumu lile lile, tungerudi kuvutwa kwa kamba.

Shauri la ami tulilijaribu kwa insafu. Dalali alikuja na mawaidha yake: tubadilishe oili, tutie dawa ya kuziba, na mnunuzi aitwe asubuhi injini ikiwa baridi. Mama alimwuliza kama atakayelipanda na wanawe ameambiwa. Mnunuzi alipofika tukamweleza aibu yote ya gari, kama tulivyofunzwa. Alishukuru, akataja bei isiyotosha hata robo ya gari la kulishika mahali pake. Na Kenya haipokei gari lililotumika nje likiwa limepita miaka 8, kwa hiyo magari yanayoingia bandarini si ya kiwango cha mifuko yetu.

Ndugu yetu naye alikuwa na hoja. 1NZ hutumia mnyororo wa taimini badala ya mkanda, na husifika kwa kubana petroli. Lakini haikai juu ya mauntini za 5A. Inataka waya zake, kompyuta yake na giaboksi yake, na kila kiungo kinachobuniwa gereji ni mahali papya pa kuharibikia. Hesabu ya fundi ilikaribia mara mbili ya injini ya aina ile ile. Kijana alinuna siku mbili.

Kuifungua injini yetu na kuichonga upya kungechukua wiki tatu, na Shaaban ilikuwa mlangoni. Asiyejua Shaaban ni nini kwa mpishi wa arusi za Pwani na aje jikoni kwetu.

Hata hivyo mama hakutoa pesa kwanza. Alimtaka fundi aingie chini ya gari na bisibisi, agonge kila mahali ambapo hewa ya bahari hupenda kula: vizingiti vya milango, sakafu, na pale springi zinaposhikilia bodi. Injini nzima ndani ya bodi iliyooza ni pesa zilizotupwa. Kizingiti kimoja kilitoboka, kikachomelewa. Kwingine palikuwa pazima.

Injini tuliyoinunua ilitoka Japani ikiwa imetumika. Fundi aliizungusha kwa mkono, akazitoa plagi na kuzitazama rangi, akapima mgandamizo wa silinda zote 4 na kuridhika kwamba hazikupishana sana. Muuzaji alikubali nusu ya bei siku ile na nusu baada ya wiki moja ya kulitembeza gari. Kwa kuwa sasa lilikuwa deni, tuliandikiana mbele ya mashahidi, kama aya ya 282 ya Suratul Baqara inavyoagiza. Kabla injini haijashushwa mahali pake tulibadilisha mkanda wa taimini, pampu ya maji na sili za krenki, kwa sababu vitu hivyo ni rahisi kufikiwa injini ikiwa nje na ni adha ikiwa ndani. Rejeta tulitia mpya, na themostati ikarudi.

Likabaki jambo ambalo wengi huliacha. Nambari ya injini imeandikwa kwenye logibuku, na ikibadilika sharti NTSA iarifiwe na gari likaguliwe. Jirani yetu alipuuza. Alipotaka kuuza miaka mitatu baadaye, mnunuzi alilinganisha nambari, akazirudisha funguo mezani na kuondoka. Kwa hiyo tulidai risiti na karatasi za forodha kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, na bima nayo tukaipa nambari mpya.

Wiki iliyopita tulipeleka pilau Likoni na kurudi, foleni ya feri na jua lake, na mshale haukupita katikati. Dumu la maji ya rejeta lina kitambaa chekundu shingoni, na watoto wamekatazwa kulipeleka kisimani.