Kuwazoeza Watoto Kuwapima Watu wa Hadithini

Leo twapenda kuzungumza juu ya watoto na hadithi. Hatutasema jinsi ya kusimulia, maana wazee wetu wa Newala na Masasi hawana haja ya kufundishwa kazi hiyo. Twataka kusema juu ya jambo lifuatalo hadithi ikiisha, yaani jinsi ya kumsaidia mtoto aeleze kwa kinywa chake mwenyewe kwamba mtu huyu wa hadithini ni mtu wa namna gani, naye amejuaje.

Mara nyingi sisi walimu huuliza, "Je, Fisi ni mnyama wa namna gani?" Darasa zima hujibu kwa sauti moja, "Mlafi!" Twafurahi, twaendelea mbele. Lakini jibu hilo watoto walikuwa nalo kabla hatujafungua kitabu. Fisi ni mlafi katika kila ngano, na Sungura ni mjanja. Jina lenyewe limekwisha kutoa hukumu. Mtoto hakupima neno lo lote, amekariri tu. Na mazoea hayo yana hatari nje ya darasa, kwa kuwa mtoto aliyezoea kumhukumu mtu kwa jina lake atawahukumu vivyo hivyo jirani zake: huyu ni wa ukoo fulani, basi ni mwizi, yule amevaa vizuri, basi ni mwema.

Kwa hiyo yafaa kutafuta hadithi yenye mtu asiyemalizika kwa neno moja. Mfano mzuri ni hadithi ya Sultani Darai, ambayo Edward Steere aliipata Unguja, akaipiga chapa pamoja na ngano nyingine mwaka 1870. Steere ndiye yule aliyekuja Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha makao huko. Basi kitabu hicho si cha mgeni kwetu.

Kwa ufupi, habari yenyewe ni hii. Hamdani alikuwa maskini, akichakura jaani kutafuta punje za mtama. Siku moja akaokota thumuni, akamnunua paa, ingawa watu walimcheka. Kumbe paa yule alijua kunena. Akaokota almasi, akampelekea sultani wa mji mwingine, akisema imetoka kwa bwana wake, Sultani Darai. Akamposea Hamdani binti wa sultani, akaua joka la vichwa saba, akampatia bwana wake nyumba kubwa. Kisha paa akaugua. Hamdani akaamuru apewe uji wa mtama mbaya, wala hakwenda kumtazama. Paa akafa, naye akaamuru atupwe kisimani. Mwisho mke akajikuta kwa baba yake, na Hamdani akajikuta jaani, mikono imejaa vumbi.

Sasa maswali. La kwanza ni hili: mtu huyu alitenda nini, alisema nini, na wenzake walimwonaje? Fundi wa vinyago huku kwetu haandiki juu ya kinyago, "Huyu ana hasira." Huchonga kipaji cha uso na mdomo, nasi tukatambua wenyewe. Msimulizi naye hutuonyesha bakuli la uji, akatuachia kazi ya kutambua.

Swali la pili ni fupi: "Umejuaje?" Mtoto akisema Hamdani ni mbaya, tusimwambie amepata wala amekosa, bali tumwulize amejuaje. Mmoja atataja uji, mwingine atataja kisima. Watoto wa Newala, ambao bibi zao walishuka mabondeni kufuata maji, huenda wakauliza kama kisima kile kilikuwa na maji ya kunywa. Ni swali jema. Na turudi kitabuni pamoja nao tukatazame.

Swali la tatu ndilo zito: "Je, alikuwa hivyo tangu mwanzo?" Hapa watoto hunyamaza kidogo, nasi tusiwaharakishe. Mtu mwenye njaa alitoa sarafu yake ya pekee akanunua mnyama. Paa alipotoka mara ya kwanza kwenda malishoni, Hamdani alilia akidhani amempoteza. Basi ni nini kilichombadili? Mmoja atasema ni mali. Mwingine atasema ni haya, kwa sababu paa peke yake ndiye aliyejua habari za jaani. Wa tatu atasema jina la Sultani Darai alipewa na paa, naye mwishowe akaliamini. Majibu yote matatu yaweza kusimama, maadamu kila moja lina tendo la hadithini la kuliegemea.

Baadaye mtoto mmoja na aketi kitini awe Hamdani, wenzake wamwulize, "Kwa nini hukwenda kumwona mgonjwa?" Mwingine awe yule mke aliyempelekea paa maziwa na wali kwa siri. Watoto wenye haya hupata ujasiri wakisema kwa jina la mtu mwingine. Na mtoto akikosa neno la Kiswahili, aseme kwanza kwa Kimakonde, Kiyao au Kimakua, kisha wote wamtafutie neno: mkarimu, mtovu wa shukrani, mwenye majivuno. Kwa njia hiyo hupata maneno mapya na sababu ya kuyatumia.

Wako wazee waonao kwamba maswali ya namna hii yatawafanya watoto kuwa wabishi. Twawaheshimu, lakini tunaona kinyume chake. Mbishi husema bila kutoa sababu, na msengenyaji kadhalika. Mtoto aliyezoezwa kuulizwa "Umejuaje?" juu ya Hamdani, siku moja atajiuliza mwenyewe swali hilo kabla hajamwita jirani mchawi au mwizi. Nanyi wazazi mwaweza kuanza leo jioni, mkiisha kusimulia ngano: mwulizeni mtoto swali hilo moja tu, kisha msikilizeni mpaka amalize.