Leza: Mwanga Unaochonga Jino kwa Kutafuta Maji

Mwilini mwa binadamu hakuna kitu kigumu kuliko ganda la nje la jino. Hata mfupa haulifikii. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini ya kalisi na fosfeti yaliyoshonana, na ndiyo maana jino hudumu ardhini kwa maelfu ya miaka wakati mwili wote umekwisha kuwa udongo. Lakini je, wajua kwamba upo mwanga unaolichonga ganda hilo bila kuligusa? Mwanga huo haushindani nalo kwa ugumu. Hulivamia kupitia maji kidogo, kama asilimia 3 tu ya uzito wake, yaliyojificha katikati ya madini.

Kwa nini mtu atake kulichonga jino? Kwa sababu limeoza. Bakteria wanaoishi kinywani, ambao maarufu zaidi ni Streptococcus mutans, hula sukari tunayokula na kutoa asidi. Kiwango cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, madini ya ganda huanza kuyeyuka. Mate huyarudisha polepole, ila mtu anayetafuna vitamu kutwa nzima hayapi mate nafasi ya kufanya kazi hiyo. Kwanza hutokea doa jeupe lisilong'aa, kisha ganda linabomoka na tundu linafunguka.

Chini ya ganda kuna dentini, ambayo ni laini zaidi na ina maji mengi zaidi, kama asilimia 10 ya uzito wake. Imejaa vijifereji vyembamba mno, makumi ya maelfu katika kila milimita moja ya mraba, vyenye majimaji ndani yake na vinavyoelekea kwenye kiini cha jino palipo na neva na mishipa ya damu. Uozo ukifika hapo, chai ya moto au maji ya baridi hukufanya ushike shavu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 2 wana meno ya ukubwani yaliyooza, na watoto milioni 514 wana meno ya utotoni yaliyooza.

Dawa ya tundu ni kuondoa sehemu iliyooza na kuziba. Binadamu walianza kutoboa meno zamani sana. Huko Mehrgarh, katika Pakistan ya leo, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta meno 11 yaliyotobolewa kwa ncha ya jiwe miaka ipatayo 7,500 hadi 9,000 iliyopita. Mwaka 1871 Mmarekani James Morrison alipata hataza ya mashine ya kuchonga meno inayoendeshwa kwa kukanyaga pedali. Mwaka 1957 ikaingia sokoni mashine ya John Borden inayosukumwa na hewa, yenye kasi ya mizunguko 300,000 kwa dakika. Kazi iliyokuwa ikimtoa jasho mgonjwa na daktari kwa muda mrefu ikawa ya dakika chache. Mashine ya kuchonga imeokoa meno yasiyohesabika, na inastahili heshima.

Ila inatisha. Inapiga mlio mwembamba unaosikika hadi kwenye benchi la wanaosubiri. Inatetemesha jino, inalisugua na kulipasha joto, na kila mtikisiko wa majimaji yaliyomo kwenye vijifereji vya dentini huamsha neva. Ndiyo sababu inahitaji sindano ya ganzi, na wako wengi wanaoiogopa sindano kuliko wanavyoiogopa mashine yenyewe. Mtu mwenye hofu hiyo huahirisha. Anameza dawa za maumivu na kutafunia upande mmoja, na siku anayofika kwa daktari jino lililohitaji kuzibwa limekuwa la kung'olewa. Hofu ya kiti cha daktari wa meno inang'oa meno mengi.

Hapo ndipo unapoingia mwanga ule tulioanza nao, yaani leza. Leza ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu, California, ikitumia kijiti cha yakuti nyekundu. Haikuchukua muda watafiti wa meno wakaipapatikia. Mwaka 1964 Ralph Stern na Reidar Sognnaes wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliielekeza kwenye meno wakaona ganda likiyeyuka na kugeuka kuwa na sura ya kioo. Mwaka uliofuata Leon Goldman, daktari wa ngozi mjini Cincinnati, alililenga jino la mtu aliye hai. Mtu huyo alikuwa ndugu yake, Bernard, naye daktari wa meno. Bernard hakusikia maumivu, na jino lake liliathirika juujuu tu.

Mwaka huohuo wa 1965, Leo Zach na Gerson Cohen walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia nyani: kiini cha jino kikiongezewa joto la nyuzi 5.5 tu za Selsiasi, asilimia 15 ya viini hivyo vilikufa. Hapo ndipo leza ya yakuti ilipokwamia. Mwanga wake mwekundu haunywewi vizuri na maji wala na madini ya jino, kwa hiyo ili ukate lazima uongezewe nguvu, na nguvu hiyo inageuka joto linaloshuka hadi kwenye kiini. Jino lingechongeka na kufa papo hapo.

Jibu lilipatikana Ulm, Ujerumani. Mwaka 1989 Raimund Hibst na Ulrich Keller walichapisha kazi yao juu ya leza ya fuwele iliyotiwa elementi iitwayo erbiamu. Mwanga wake una urefu wa wimbi wa nanomita 2,940, ambao jicho haliuoni. Urefu huo ni miongoni mwa ambayo maji huinywa kwa pupa mno: mwanga huo ukikutana na maji, humalizwa ndani ya takriban mikromita 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Haubaki wa kushuka chini.

Ukitaka kuelewa kinachotokea, fikiria bisi. Punje ya mahindi haipasuliwi na moto; hupasuliwa na maji yaliyofungiwa ndani yake yakigeuka mvuke. Leza hupiga jino kwa mapigo mafupi mno, mengi ya chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Katika kila pigo, maji yaliyo kwenye tabaka jembamba la juu hugeuka mvuke ghafla, mvuke hukosa pa kukaa, na chembe za madini huruka nje zikichukua sehemu kubwa ya joto. Kabla joto lililobaki halijasambaa, pigo limekwisha.

Na hapa ndipo uzuri wa kifaa hiki ulipo. Dentini iliyooza imepoteza madini na kujaa maji, kwa hiyo hulipuka upesi kuliko dentini nzima. Penye ugonjwa mwanga huenda haraka, penye uzima husitasita. Daktari mwenye mkono mtulivu anaweza kuutumia utofauti huo ili abakize sehemu kubwa zaidi ya jino.

Kitini mambo huwa hivi. Mgonjwa, daktari na msaidizi wote huvaa miwani maalumu, kwa sababu mwanga huo ukiingia jichoni unajeruhi. Daktari hushika kijiti chenye ncha ndogo na kuisogeza karibu na jino, bila kuligusa, akiongozwa na nukta ya mwanga wa rangi inayoonyesha pa kulenga. Badala ya mlio wa kukereza, mgonjwa husikia vishindo vidogo vya haraka, ta-ta-ta-ta. Vinyunyu vya maji humwagika muda wote. Vikikatika jino hupata joto na kuungua, na kuchonga kwenyewe huzorota. Kazi ikiisha, uso wa tundu hubaki mweupe na wenye mikwaruzo midogo, bila ule utando wa vumbi ambao mashine ya kuzunguka huuacha.

Mwezi Mei 1997 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu leza ya erbiamu kutumika kwenye sehemu ngumu za jino. Baadaye zikaja nyingine, ikiwemo ya gesi ya kaboni dioksidi yenye wimbi la nanomita 9,300, ambalo hunywewa na madini yenyewe ya jino. Je, wagonjwa wanapata nafuu kweli? Mwaka 2016 mtandao wa Cochrane, unaopima ushahidi wa tiba, ulikusanya majaribio 9 yenye washiriki 662. Waliotibiwa kwa leza walielekea kusikia maumivu kidogo na kuhitaji ganzi mara chache zaidi, ingawa ushahidi wenyewe ulikuwa dhaifu na kazi ilichukua muda mrefu kuliko ya mashine ya kuchonga.

Leza ina mipaka mingine pia. Haifai kuondoa kizibo cha zamani cha madini ya fedha na zebaki. Mara nyingi daktari huishia kushika mashine ya kawaida ili kumalizia kingo. Na bei yake ni makumi ya maelfu ya dola za Marekani, tena inataka umeme wa uhakika na fundi wa kuitunza. Kwa zahanati nyingi za Afrika Mashariki, hiyo si mashine ya kesho.

Lakini lengo la leza, kutoa kilichooza na kuacha kilicho kizima, lilishafikiwa kwetu kwa njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1980 Jo Frencken, daktari Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, na wenzake walianza kutibu matundu kwa vifaa vya mkono peke yake, mahali pasipo umeme wala maji ya bomba. Uozo laini hukwanguliwa kwa kifaa kidogo chenye ncha ya kijiko, dentini ngumu huachwa, kisha tundu huzibwa kwa saruji inayoshikamana na jino, ambayo siku hizi ni ile inayotoa floridi. Mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, njia hiyo iliyozaliwa Tanzania ilitangazwa kwa ulimwengu na Shirika la Afya Duniani, na mwaka 2021 saruji hiyo ikaingizwa kwenye orodha ya shirika hilo ya dawa muhimu.

Leza huutambua uozo kwa maji yake, mkono huutambua kwa ulaini wake. Vyote viwili vinahitaji jambo moja ambalo daktari hawezi kulinunua: mgonjwa afike mapema. Doa jeupe bado linaweza kurudishiwa madini kwa mswaki na dawa ya meno yenye floridi. Tundu dogo huzibwa kwa muda mfupi, iwe kwa mwanga, kwa mashine au kwa kijiko. Likishafika kwenye kiini, leza ya bei kubwa kuliko zote haiwezi kulifanya jino liwe kama lilivyokuwa. Kama lipo linalokuuma ukinywa chai, au la mwanao lenye doa usilolielewa, lipeleke likatazamwe wiki hii.