Mtumbwi Kabla ya Jahazi

Wajukuu zangu, sogeeni. Tunu, yule binti anayeuza maandazi karibu na soko la samaki Bagamoyo, alidunduliza shilingi 60,000. Akataka zizae, akapakua programu mbili kwenye simu.

Ya kwanza ilimeremeta: vijiti vyekundu na vya kijani, bei ya dola na dhahabu ikipanda na kushuka kila sekunde. Ya pili ilipooza kama chai ya jana: jina la mfuko, idadi ya vipande, bei ya kipande, basi.

Bahati yake, ile ya kwanza ilimpa pesa za majaribio, za kuchezea. Akaanza kubonyeza asubuhi. Kufika magharibi, milioni nzima ya uongo imeyeyuka. Akanijia mbio: "Babu, zimekwenda wapi?"

Nikamwambia: "Ulicheza na mkopo, mjukuu wangu. Unaweka 10,000, wanakuongezea 90,000, unanunua vya 100,000. Bei ikishuka asilimia 10 tu, hasara ni 10,000, ndiyo yako yote. Hilo ni jahazi la manahodha. Wewe hata kafi hujashika."

Mtumbwi wa kujifunzia ni mfuko wa pamoja. Watu wengi wanachanga, meneja anawekeza kwenye hatifungani, amana za benki au hisa, na kila mtu anahesabiwa vipande vyake. Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, kwa mfano, upo tangu 2005. Kipande nacho huweza kushuka bei, lakini hulazimiki kujua kampuni ipi inafaa. Kazi yako ni kuweka kidogo kidogo na kusubiri.

Ukizoea mawimbi, panda ngalawa. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza mauzo 1998 kwa hisa za TOL; leo unanunua hisa kwa programu ya Hisa Kiganjani. Hapo unachagua mwenyewe. Jiulize: hisa niliyoinunua 1,000 ikishuka hadi 800, nitapata usingizi? Kama hupati, rudi mtumbwini. Si aibu.

Ila chombo chochote, kikagueni kwanza kama kinavuja. Wenye chombo wana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana? Makato ni kiasi gani? Ukitaka pesa yako, inatoka baada ya siku ngapi? Waulizeni wazazi wenu habari za DECI: watu "walipanda" hela wakisubiri kuvuna maradufu, hadi 2009 serikali ilipoisimamisha. Anayekuhakikishia faida kubwa anakuuzia chombo chenye tundu.

Tunu aliweka 20,000 kwenye vipande. Nyingine akabakiza za unga na dharura. Ile programu inayomeremeta hajaifuta. Kila jioni anaichezea kwa pesa za uongo na kuandika daftarini alipokosea. Kurasa nne zimejaa makosa, na hakuna hata moja lililomgharimu andazi.