Kapita wa Simu Yako ni Nani?



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, viatu, vumbi na masikio. Leo tutasema juu ya chombo ambacho karibu kila mmoja wetu anacho mfukoni: simu. Pengine mtu atauliza, "Simu ina neno gani na afya?" Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ndipo mtaona.

Kuna papa mmoja, zamani alikuwa akitoboa mawe kwa mashine, ambaye baruti ilimwumiza macho. Jicho moja halioni kabisa, la pili linaona kivuli tu. Alikuja dispensari akiwa na kikohozi kilichozidi majuma mawili, tukampima makohozi. Matokeo yalipotoka nilimwandikia ujumbe kwenye simu: aje upesi aanze dawa ya kifua kikuu. Nilifikiri nimefanya kazi vizuri. Lakini papa hawezi kusoma maandishi. Alimpa simu mtoto wa jirani amsomee, na mtoto akasoma kwa sauti kubwa, mbele ya watu waliokuwa wakichota maji. Kabla ya jioni kambi nzima ilijua. Watu waliacha kuketi naye, mkewe akakosa wanunuzi wa ndizi zake sokoni, na yeye mwenyewe kwa aibu akakaa majuma matatu bila kuja kuchukua dawa. Kutunza siri ya mgonjwa ni wajibu wetu waganga, na mimi niliivunja bila kufungua mdomo.

Tangu siku ile nimejifunza jambo hili: kwa mtu asiyeona, simu isiyosema haina siri. Kila ujumbe, kila hesabu ya fedha ya M-Pesa au Airtel Money, lazima ipite kwanza kwenye macho ya mtu mwingine. Watu hudhani kwamba kumsaidia mwenye ulemavu ni kazi moja, na kutunza siri ni kazi nyingine. Kwa papa huyu kazi hizo mbili zilikuwa moja.

MAWE YETU NDANI YA SIMU

Kwanza tukumbuke kwamba ndani ya simu mna jasho la wachimbaji. Koltani hutoa tantali, ambayo hutengeneza vile vidude vidogo vinavyoweka umeme kwa kitambo. Kasiterite hutoa bati, linalounganisha vipande vya ndani. Wolframu, kwa kuwa ni nzito sana, hutumika katika vile vimota vinavyotetemesha simu. Na kwa mtu asiyesikia, mtetemo huo ndio mlio wake. Mwaka 2013 kampuni ya Fairphone ya Amsterdam ilitoa simu yake ya kwanza, ikitumia bati kutoka Kivu ya Kusini na tantali kutoka Katanga, kwa mpango wa kufuatilia mawe tangu yanapotoka shimoni. Ni haki basi kwamba yule aliyepoteza jicho au sikio kwa kuchimba mawe hayo aweze kuitumia simu yenyewe kikamilifu.

KAPITA WA NDANI

Simu bila programu ni chuma na kioo tu. Ukiiwasha, kuna programu moja kubwa inayoamka na kuziongoza nyingine zote. Hiyo huitwa mfumo endeshi. Sisi tuiite kapita. Kama vile mtu hashuki shimoni bila jetoni yake, ndivyo programu yoyote isivyoweza kutumia kamera, maikrofoni au majina ya rafiki zako bila ruhusa ya kapita. Programu ya tochi ikiomba kusoma ujumbe wako, kapita mwema humwuliza mwenye simu. Kapita asiyejali huacha ipite. Na yuko kapita wa namna ya tatu: yeye mwenyewe hukusanya habari zako na kuzipeleka kwa bwana wake wa mbali.

Simu nyingi zinazouzwa Birere na soko la Virunga zinaongozwa na Android. Simu ya kwanza yenye Android ilitoka mwaka 2008. Moyo wake ni Linux, kazi iliyoanzishwa na kijana wa Finland, Linus Torvalds, mwaka 1991. Msingi wa Android uko wazi kwa kila mtu. Lakini juu ya msingi huo kampuni ya Google na watengenezaji wa simu huweka programu zao ambazo haziko wazi, zenye mamlaka kuliko programu nyingine, na ambazo si rahisi kuzitoa.

RAMANI ILIYOBANDIKWA UKUTANI

Kuwa wazi maana yake nini? Fikirini ramani ya shimo. Mkuu akiifungia ramani kwenye sanduku, mtamwamini kwa maneno tu kwamba nguzo ni imara. Akiibandika ukutani, fundi yeyote anaweza kuona mahali nguzo inapokosekana na kusema. Programu nazo huandikwa kwa maandishi, na maandishi hayo yanaweza kufichwa au kutolewa hadharani. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi yake ya GNU, akidai kwamba mtumiaji awe na haki ya kuitumia programu, kuichunguza, kuibadilisha na kuwagawia wengine. Programu za namna hiyo tunaziita programu huria.

Kwa njia hiyo watu wamejenga makapita wengine wa simu juu ya msingi ule wa Android. LineageOS ilianza mwisho wa mwaka 2016, na inaendesha simu za namna nyingi. Mfaransa Gaël Duval ndiye mwanzilishi wa /e/OS, iliyoondolewa programu za Google. Mwaka 2020 Fairphone 3 ilianza kuuzwa pia ikiwa na mfumo huo. GrapheneOS ilitokana na kazi aliyoanza Daniel Micay wa Kanada mwaka 2014, na ikachukua jina lake la sasa mwaka 2019.

GrapheneOS ndiyo kali kuliko hizo nyingine katika ulinzi. Haiji na programu za Google. Mwenye simu akizitaka, huwekwa kwenye chumba chao kama programu nyingine yoyote, bila mamlaka ya pekee. Unaweza kuinyima programu intaneti kabisa, nayo ikabaki inafanya kazi yake. Na simu isipofunguliwa kwa saa 18, hujizima na kujiwasha yenyewe, ili yaliyomo yarudi kufungwa kwa kufuli zote. Mwizi aliyeiiba jana hukuta mlango umekazwa leo.

MLANGO MMOJA, WAGENI WAWILI

Sasa tufike kwenye ugumu wenyewe. Mwaka 2009 Android ilipata programu iitwayo TalkBack. Miongoni mwa walioitengeneza alikuwa T.V. Raman, fundi wa Google ambaye yeye mwenyewe haoni. Ukigusa kioo, TalkBack inakutajia kilicho chini ya kidole. Ukigonga mara mbili, inakifungua. Ili ifanye hivyo, ni lazima isome kila neno kwenye kioo na kubonyeza kwa niaba yako.

Wezi waliliona hilo. Wametengeneza programu zinazojidai ni za msaada, zikaomba ruhusa ile ile inayotumiwa na TalkBack. Mwenye simu akikubali, zinasoma namba yake ya siri na kubonyeza "tuma" zenyewe. Kwa hiyo mlango anaopitia kipofu kupata macho ndio mlango anaopitia mwizi kupata mfuko.

Wajenzi wafanyeje? Wakiukaza mlango kabisa, asiyeona anabaki nje. Wakiuacha wazi, mwizi anaingia. Android 13, iliyotoka mwaka 2022, iliweka kizuizi: programu uliyoipata nje ya duka la programu haiwezi kupewa ruhusa hiyo kirahisi, ni lazima mwenye simu aende mwenyewe kuifungulia. GrapheneOS nayo iliitwaa TalkBack ya maandishi yaliyo wazi na kuiweka ndani ya mfumo wake, ili asiyeona asihangaike kuitafuta nje.

Lakini hapo lilibaki pengo. TalkBack ni msomaji, haina koo. Inahitaji programu nyingine ya kutoa sauti, na kwa miaka GrapheneOS ilikuja bila sauti hiyo. Asiyeona aliwasha simu akakuta kimya, ikabidi amwombe mwenye macho amwekee sauti kwanza. Kapita alikuwa mwaminifu, lakini bubu. Siwacheki wajenzi hao, maana kosa lao linafanana na langu: walilinda siri vizuri, wakamsahau mtu mmoja mlangoni.

SAUTI YA KISWAHILI

Je, simu inaweza kusema Kiswahili? Ndiyo. Google wana sauti ya Kiswahili. Katika programu huria iko eSpeak NG, iliyotokana na kazi aliyoanza Jonathan Duddington mwaka 1995. Inasema lugha zaidi ya 100, Kiswahili kimo. Ni ndogo na inafanya kazi bila intaneti, maana yake ujumbe unaosomwa hautoki nje ya simu. Inapatikana bure katika F-Droid, duka la programu huria lililoanza mwaka 2010.

Sauti yake ni kavu, kama mashine. Tena ujumbe wetu wa Goma huchanganya Kiswahili na Kifaransa, na sauti ya Kiswahili inalisoma neno rendez-vous kwa kanuni za Kiswahili, mpaka mtu acheke. Lakini kwa kuwa kanuni zake ziko wazi, kijana anayesoma informatika hapa Goma anaweza kuzisahihisha bila kumwomba mtu ruhusa. Vijana, kazi hiyo inawangoja.

Msidhani ni kazi ya mchezo. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilitapika, na tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu ya mji ihame. Habari zilipita kwenye redio na kwenye simu. Asiyesikia hakuipata redio, asiyeona hakuusoma ujumbe. Siku kama ile, simu inayosema na kutetemeka ni chombo cha usalama sawa na kofia.

TUFANYEJE?

1. Simu uliyo nayo huenda tayari inaweza kusema. Ingia Paramètres, kisha Accessibilité, utafute TalkBack. Kaa na mtu wa kukuelekeza siku ya kwanza, maana vidole hubadili kazi: kugusa ni kusikiliza, kugonga mara mbili ndiyo kufungua.

2. Asiyeona atumie ekuteri anaposikiliza mambo ya siri, na sehemu ya kuficha kioo iliyomo ndani ya TalkBack, ili jirani asisome. Sauti iwe ya chini. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 zisizidi saa 40 kwa juma, nasi tunaotoboa mawe masikio yetu yamechoka tayari. Usivae ekuteri shimoni wala barabarani.

3. Anayesikia kwa sikio moja awashe audio mono, ili sauti zote ziingie sikio lile zima. Tangu Android 14, ya mwaka 2023, simu inaweza pia kuwasha taa ya kamera ujumbe ukifika.

4. Ndani ya Accessibilité tazama ni programu gani zimepewa ruhusa. Usiyoijua, izime leo.

5. Pokea masahihisho ya mfumo kila yanapokuja. Unaponunua simu iliyotumika, uliza kama bado inayapata.

6. Usikimbilie kubadilisha kapita. GrapheneOS imejengwa kwa simu za Google Pixel, na Tecno na Itel za wengi wetu haziikubali. Kubadilisha mfumo kunafuta yote yaliyomo, fundi asiyejua anaweza kuiua simu, na programu nyingine za benki hukataa kufanya kazi baadaye. Weka kwanza nakala ya picha na namba zako, umtafute anayejua.

7. Ukiombwa kumsomea mtu ujumbe, jitenge naye, soma polepole, kisha usahau. Watoto nao wafundishwe hivyo.

Sheria nayo ipo. Sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za wenye ulemavu katika nchi yetu, na kanuni ya mambo ya kidijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi.

Kwetu dispensari tumebadili desturi. Hatuandiki tena jina la ugonjwa kwenye simu. Tunaandika siku na saa ya kuja tu. Na kila mgonjwa mpya tunamwuliza: je, wewe mwenyewe unasoma ujumbe wako, au kuna anayekusomea?

Papa yule alirudi. Nilimwomba msamaha, akanywa dawa miezi sita mpaka mwisho, na makohozi yake sasa ni safi. Mwanawe alimwashia TalkBack, na kwa siku kumi alikuwa akiitukana. Juma lililopita nilimtumia ujumbe wa kuja kupimwa macho. Alifika saa ile ile niliyoandika. Nilipomwuliza ni nani aliyemsomea, alionyesha ekuteri sikioni akasema, "Muganga, safari hii tulikuwa wawili tu, mimi na wewe."