Kabla hujajilaza chini ya gari kubadilisha oili

Oili imefikia muda wake. Umenunua galoni ya lita nne na filta, spana umeazima kwa jirani, na kwa kuwa ni Jumapili hutaki kwenda kushinda gereji. Unatoa jeki kwenye buti, unainua pua ya gari uani chini ya mwembe, unatandika gunia na kujilaza chali. Mtoto wako wa miaka mitatu anakuja kuchungulia baba anafanya nini huko chini.

Safu hii imezoea kuongelea malaria, presha na kisukari, kwa hiyo unaweza kujiuliza jeki imeingiaje humu. Imeingia kwa sababu gari likimwangukia mtu, anayempokea si fundi. Ni muuguzi wa zamu. Na kwa anayeishi Muheza, hasa huko vijijini kuelekea Amani, safari ya kumfikia muuguzi huyo inaweza kuwa ndefu kuliko muda ambao mwili unaweza kusubiri.

Tuanze na uzito. Gari dogo kama IST linakaribia tani moja, na Noah hufika tani moja na nusu. Pua ya gari, penye injini, ndiyo nzito zaidi. Mzigo huo ukitua kifuani, mbavu zinaweza zisivunjike hata moja na bado mtu akafa, kwa sababu ili uvute pumzi ni lazima kifua kitanuke. Kikizuiwa kutanuka, hewa haiingii, na damu inasukumwa kurudi kichwani. Uso na shingo hugeuka rangi ya zambarau, macho hujaa damu. Baada ya dakika nne hadi sita bila hewa, ubongo huanza kuharibika. Aliyebanwa hivyo hawezi kupiga kelele, kwa kuwa sauti nayo inahitaji pumzi. Ndiyo maana huwa nasema usiingie chini ya gari ukiwa peke yako nyumbani. Awepo mtu mzima anayekuona, si anayekusikia.

Sasa jiulize: ni lazima kuinua? Pikapu nyingi na magari marefu yana nafasi ya kutosha kufikia nati ya kumwagia oili bila kuyainua kabisa. Gereji yenye shimo nayo inamaliza tatizo, kwani gari linabaki limesimama kwa tairi zake nne. Nikipewa nafasi ya kuchagua, nitachagua shimo kila mara. Lakini najua hali ya mfuko, na najua wengi mtaendelea kufanya nyumbani, basi tuelezane namna.

Jeki inayokuja na gari imetengenezwa kwa kazi moja: kubadilisha tairi, huku mtu akiwa amechuchumaa pembeni. Haikutengenezwa kubeba gari juu ya mtu. Jeki ya mkasi inasimama kwenye kitako kidogo kama kiganja, na gari likisogea kidogo tu inalala. Jeki ya chupa, ile ya mafuta, ina sili za mpira ndani. Sili ikichoka, gari linashuka taratibu usiyaone, au linashuka ghafla. Hakuna jeki, hata ya bei kubwa, inayotosha peke yake mtu akiwa chini.

Kinachotakiwa ni stendi za chuma, mbili, zikae kulia na kushoto chini ya chasisi au sehemu ngumu iliyooneshwa kwenye kitabu cha gari. Jeki inainua, stendi zinabeba. Kama huna stendi na hutaki kuzinunua, unaweza kupanga vipande vya mbao ngumu, vipana na vizito, safu moja ikilala na inayofuata ikiikata kama msalaba. Muheza mbao za msaji si ngeni, shamba la miti la Longuza liko hapo hapo wilayani, na vipande vinavyobaki kwa maseremala ndivyo hasa vinavyofaa. Matofali ya saruji usiyaguse. Tofali hubeba uzito vizuri likiwa ukutani, ambako mzigo umesambaa. Ukiliwekea chuma kwenye sehemu moja linapasuka bila kutoa onyo. Mawe ya kupangana nayo ni vivyo hivyo. Stendi za kuchomelewa mtaani kwa bomba jembamba nazo sizipendi, ingawa najua fundi wako atakuambia amezitumia miaka kumi.

Kisha tairi la spea. Lilaze chini ya ubavu wa gari, karibu na unapofanyia kazi. Mengine yote yakishindwa, gari litakaa juu ya tairi, na nafasi inayobaki inaweza kukutosha.

Ardhi ndiyo inayowaangusha wengi. Uani kwetu si sakafu ya gereji. Wakati wa masika udongo unakuwa laini, na kitako cha jeki kinazama upande mmja bila wewe kuona, kwa sababu umekwishajilaza. Weka ubao mpana na mnene chini ya jeki na chini ya kila stendi. Na kama nyumba yako iko huko juu kwenye miteremko ya Usambara Mashariki, mahali ambapo hata mpira wa mtoto hautulii, usiinue gari hapo. Shuka nalo mpaka utakapopata tambarare.

Kuna jambo moja ambalo hata madereva wazoefu hulisahau. Breki ya mkono katika magari mengi hushika tairi za nyuma tu. Ukiinua nyuma, umeshaipoteza. Na ukiweka gia au ile P, inashika tairi zinazoendeshwa na injini tu, ambazo kwa magari mengi madogo ni za mbele. Ukiinua mbele, P haina kazi. Kwa hiyo vuta breki, weka gia, halafu weka kabari mbele na nyuma ya tairi zote zinazobaki chini. Kabari iwe ya mbao iliyochongwa, si kokoto uliyookota.

Gari likishakaa juu ya stendi, usiingie bado. Simama pembeni, lisukume na kulitikisa kwa nguvu zako zote. Kama litaanguka, lianguke sasa. Nati ya oili ikigoma, usiivute kwa kujirusha ukiwa chini, maana mtikisiko huo ndio unaolitoa gari kwenye jeki. Toka, mwite fundi.

Injini iwashwe dakika chache tu ili oili iwe nyepesi, isiwe ya kuunguza. Ikikumwagikia ikiwa moto, vua nguo iliyolowa na weka sehemu hiyo chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na unga wa ngano viacheni jikoni.

Wagonjwa nao wana la kwao. Kama una kifafa, hii si kazi yako, hata kama hujaanguka kwa muda mrefu. Kama umeanza dawa mpya ya presha, ukilala chali nusu saa kisha ukainuka haraka unaweza kupata kizunguzungu, na kuna vyuma vingi vya kugonga kichwa. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi avae viatu vigumu, kwa kuwa anaweza kujeruhiwa asijue mpaka jioni. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amwachie mtu mwingine.

Sasa, limeanguka. Umesikia kishindo na wewe ndiye uliye karibu. Usijirushe chini, tutakuwa na wawili. Usiwashe gari wala kujaribu kulisogeza kwa tairi zake. Piga yowe watu waje, mmoja apige 114, namba ya Zimamoto na Uokoaji, wakati wengine wanafanya kazi. Zuia tairi zisitembee, inua tena kwa jeki mahali pagumu au kwa mikono ya watu wengi, na kila gari linapopanda kidogo sukuma tairi la spea au mbao chini yake lisirudi. Mzigo ulio kifuani, tumboni, shingoni au kichwani unaondolewa mara moja, haungoji mtu.

Akitoka hapumui, mlaze chali na mkandamize katikati ya kifua kwa viganja viwili, kwenda chini sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiogope mbavu. Damu inayotiririka, ibane kwa kitambaa safi bila kuachia. Na tafadhali, msimpakie kwenye bodaboda mshikaki, mmoja mbele na mwingine nyuma. Mgongo wake huenda umevunjika, na mkunjo huo unaweza kumpooza moja kwa moja. Mlazeni juu ya mlango au ubao mrefu, kichwa na shingo vikiwa vimenyooka, mumpandishe kwenye pikapu.

Kuna hatari nyingine, ambayo wengi hawaijui kwa sababu mgonjwa anaonekana mzima. Mtu amebanwa paja saa nzima. Anatolewa, anaongea, anaomba maji, pengine anatania. Familia inamshukuru Mungu na kumpeleka kitandani. Lakini msuli uliobanwa umekufa, na damu inapoanza kupita tena inazoa sumu zilizojikusanya humo. Potasiamu inapanda na inaweza kuusimamisha moyo. Rangi ya msuli inakwenda kuziba figo. Mwaka 1941 daktari Eric Bywaters na mwenzake Desmond Beall waliandika katika British Medical Journal kuhusu watu wa London waliofukuliwa kwenye vifusi vya mabomu wakiwa na hali nzuri, kisha figo zao zikaacha kufanya kazi ndani ya siku chache. Jengo lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 na watu wakakaa saa nyingi chini ya kifusi, hatari ilikuwa ni hiyo hiyo. Gari juu ya paja halina tofauti na zege.

Kwa hiyo aliyebanwa mguu au mkono kwa muda mrefu aende hospitali hata kama anatembea. Muheza ipo Hospitali Teule, na ikibidi rufaa iko Bombo, Tanga. Mwambieni daktari alibanwa saa ngapi na alitolewa saa ngapi. Andikeni, maana mkiwa na hofu mtasahau. Atahitaji dripu mapema, na mkojo wake utaangaliwa wingi na rangi. Mkojo mwekundu uliokolea au wa rangi ya chai ya rangi ni dalili mbaya, na kukosa mkojo ni mbaya zaidi. Kabla ya hapo msimnunulie diklofenaki wala ibuprofeni dukani kwa ajili ya maumivu. Dawa hizo huzipa figo mzigo wakati ambao hazina nguvu ya kuubeba.

Nimebakiza watoto. Mtoto mdogo haoni gari lililoinuliwa kama hatari, anaona pango. Mwingine ataingia ndani na kuruka juu ya kiti, au atashusha breki ya mkono kama anavyomwona baba. Funga milango, ufunguo uwe mfukoni mwako, na mtu mzima mmoja awe na watoto upande mwingine wa nyumba mpaka kazi iishe.

Oili chafu usiitie kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akinywa, usimtapishe na usimpe maziwa, kwa kuwa akitapika oili inaweza kuingia kwenye mapafu. Mfute mdomo, mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe, hasa kama anakohoa au anapumua kwa shida. Na wapo wanaoipaka kwenye mapunye ya kichwani. Oili iliyotumika imebeba madini na kemikali za injini ambazo kugusana nazo mara kwa mara kunahusishwa na saratani ya ngozi. Mapunye yana dawa yake zahanati. Oili hiyo weka kwenye dumu lenye kifuniko na alama, irudishe gereji, kisha nawa mikono kwa sabuni kabla hujambeba mtoto.

Wakati wa kulishusha gari, zunguka kwanza pande zote nne, uiname uangalie chini, na umuulize anayewaangalia watoto kama wote wako naye.